Nia, Siri na Mkono wa Kuazima

Mtu mwenye ulemavu wa viungo anapotumia kompyuta iliyorekebishwa kulingana na mwili wake, huzuka swali la kifalsafa ambalo ni la zamani kuliko kompyuta yenyewe, nalo ni hili: tendo ni la nani pale mtendaji anapohitaji kitu au mtu mwingine ili tendo hilo litimie? Mtu ambaye vidole vyake havifuati amri yake akiandika barua kwa kuitamka mbele ya simu, au kwa kuinua nyusi kila inapowaka herufi anayoitaka, je, barua hiyo ni yake kwa maana ileile ambayo barua ya mwenye vidole vyepesi ni yake, au kuna sehemu ya utendaji iliyohamia kwenye chombo? Wengi hujibu upesi kwamba ni yake, kisha katika mwenendo wao huishi kana kwamba si yake: humsifu aliyetengeneza chombo, humwuliza msindikizaji badala ya kumwuliza mwenyewe, na hukihesabu kifaa hicho kuwa ni fadhila aliyotendewa. Makala haya yanalichukua jibu hilo la upesi kwa uzito wake wote na kulifuata mpaka linakofika.

Kwanza istilahi. Ufikivu ni hali ya kitu, iwe jengo, kitabu au mashine, kutumika na watu wenye miili na hisi zisizofanana bila kila mmoja wao kulazimika kuomba mlango wake wa pekee. Vipengele vya ufikivu ni zile sehemu za programu zilizomo tayari ndani ya kompyuta au simu kwa ajili hiyo, ambazo mtumiaji huziwasha kwenye mipangilio. Vifaa saidizi ni vitu vinavyoongezwa kwa nje, kama vile swichi kubwa inayobonyezwa kwa kiwiko, au kijiti kinachoshikwa kwa meno.

Ugumu wenyewe huonekana vizuri katika jambo dogo kabisa. Ili kuandika neno Mungu kwa herufi kubwa ya mwanzo kwenye kibodi ya kawaida, kidole kimoja hushikilia kitufe cha Shift huku kingine kikibonyeza M, na lazima vyote viwili viwe chini kwa wakati mmoja. Mtu anayeandika kwa kidole kimoja tu hawezi kufanya hivyo hata kama anaijua tahajia yote ya Kiswahili. Analijua neno, ana akili ya kuliandika, lakini mashine imedhania mikono miwili. Kipengele kinachoweza kuitwa vitufe vya kunata huiondoa dhana hiyo, kwa maana mtu hubonyeza Shift, akaiachia, kisha kwa wakati wake akabonyeza M, na mashine ikaipokea mibonyezo hiyo miwili kana kwamba imefanywa pamoja. Kwenye kompyuta za Windows huamshwa kwa kubonyeza Shift mara tano mfululizo. Kilitokana na kazi ya watafiti wa Kituo cha Trace katika Chuo Kikuu cha Wisconsin nchini Marekani katika miaka ya 1980, na tangu Windows 95 kimo ndani ya mfumo wenyewe bila kununuliwa pembeni. Kipo kipengele kingine kinachochuja mibonyezo, ambacho hupuuza miguso ya haraka ya kidole kinachotetemeka na kuukubali ule uliodumu, na kipo cha kuendesha kishale kwa vitufe vya namba badala ya kipanya. Kwa yule ambaye hata kidole kimoja hakimtii, kuna uandishi wa kupitisha mwanga: mstari mmoja wa herufi huwaka baada ya mwingine, mtumiaji hutoa ishara moja mstari wake unapowaka, kisha mwanga hupita herufi kwa herufi ndani ya mstari huo naye hutoa ishara tena; akichelewa, husubiri mwanga uzunguke upya. Katika simu za Android za miaka ya karibuni kamera ya mbele yenyewe inaweza kufanywa swichi, hivi kwamba kuinua nyusi au kufungua mdomo kunakuwa ndiko kubonyeza.

Maelezo haya yana jambo la kifalsafa ndani yake. Kibodi ya kawaida nayo ni msaada, ila imetengenezwa kwa ajili ya watu wenye vidole kumi, na kwa kuwa watu hao ni wengi msaada huo hausemwi. Hakuna mtu anayeandika kwa mwili mtupu. Aliyeshika kalamu ameazima kazi ya kiwanda, ya fundi na ya mwalimu aliyemfundisha kuishika, lakini hakuna anayesema kwamba sehemu ya barua yake ni ya kiwanda. Mpaka unaodaiwa kuwapo kati ya wanaotenda wenyewe na wanaosaidiwa kutenda ni mpaka kati ya misaada iliyozoeleka na ile isiyozoeleka, wala haugusi umiliki wa tendo.

Dini zilizokita mizizi Afrika Mashariki zimelijua jambo hili kwa muda mrefu, na mfano ulio mzito kuliko yote umo katika fikihi, yaani elimu ya sheria za ibada na maisha katika Uislamu. Imepokewa katika Hadithi iliyomo katika mkusanyo wa Bukhari kwamba Imran bin Husayn, aliyekuwa na maradhi ya bawasiri, aliagizwa na Mtume Muhammad aswali kwa kusimama, akishindwa aswali kwa kukaa, na akishindwa aswali kwa ubavu. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Waswahili na bara yake, waliendelea kushuka ngazi hiyo kwa uangalifu mkubwa: asiyeweza kurukuu na kusujudu ataashiria kwa kichwa, na ishara ya sijda itakuwa chini kuliko ya rukuu, asiyeweza kutikisa kichwa ataashiria kwa kope za macho, na asiyeweza hata kope ataipitisha swala moyoni mwake, nguzo baada ya nguzo, maadamu ana akili. Mwenye kushindwa kikweli hapungukiwi na thawabu. Jambo la kuzingatiwa hapa ni mantiki ya ngazi hiyo. Haikusemwa kwamba mgonjwa huyo amesamehewa swala, jambo ambalo lingeonekana kuwa huruma kubwa zaidi, wala haikusemwa kwamba mtu mwingine amswalie. Wajibu umebaki kwake, na kwa kuwa umebaki kwake, mahali pake mbele ya Mola wake pamebaki pia. Kilichobadilika ni umbo la tendo tu, kwa sababu kilichokuwa kikilifanya liwe tendo lake tangu mwanzo ni nia, na nia haikai kwenye magoti. Fikihi hiyohiyo inaihesabu ishara ya bubu inayoeleweka kuwa sawa na tamko katika mikataba yake. Mtu anayeandika leo kwa kope mbele ya kamera anatenda ndani ya kanuni iliyokwisha kufikiriwa karne nyingi kabla ya umeme.

Ukristo nao una ushahidi wake, ingawa unaelekea upande mwingine. Waraka kwa Warumi uliandikwa kwa mkono wa Tertio, ambaye anajitaja mwenyewe na kusalimu karibu na mwisho wa waraka, na bado hakuna kanisa linalouita waraka wa Tertio. Paulo ndiye mwandishi kwa sababu maneno yalisimama au kuanguka kwa idhini yake. Lakini kuwapo kwa Tertio chumbani kunaleta swali ambalo ngazi ya swala haikuwa na haja ya kuliuliza: ni nini hasa humpata mwandishi ambaye kila neno lake linapita kwanza kwa mtu mwingine?

Swali hilo linajibika vizuri kwa kuutazama mkasa wa Jean-Dominique Bauby, mhariri wa jarida la Elle nchini Ufaransa, ambaye mwezi Desemba 1995 alipatwa na kiharusi kilichompooza mwili mzima isipokuwa ukope wa jicho la kushoto na mjongeo mdogo wa kichwa. Mwandishi msaidizi wake, Claude Mendibil, alikaa naye akimsomea herufi moja moja, zikiwa zimepangwa kufuatana na wingi wa kutumika kwake katika Kifaransa, naye alipepesa jicho herufi aliyoitaka ilipofikiwa. Kwa njia hiyo kikaandikwa kitabu kizima, kilichotoka Machi 1997, siku chache kabla ya kifo chake. Njia ile ni uandishi wa kupitisha mwanga, tofauti ikiwa kwamba mwanga ulikuwa mtu. Kitabu ni cha Bauby bila shaka yoyote, na kazi ya Mendibil inastahili heshima kubwa. Pamoja na hayo, hakuna sentensi ambayo Bauby aliweza kuijaribu kwenye karatasi, akaiona ni mbaya au ya aibu, akaifuta, bila mtu wa pili kuijua. Mwenye kalamu huandika, husita, hukata, huchana karatasi, na kusita huko ni sehemu ya kufikiri, pengine ndiyo sehemu iliyo bora. Anayetumia mkono wa mtu huazima nguvu za mkono huo pamoja na macho yaliyo juu yake. Mashine inapochukua nafasi ya mkono huo, kinachorudi kwa mtu ni kusita kwake na siri yake, na dai kuu la makala haya ni kwamba hayo mawili yana thamani kuliko kasi ambayo matangazo ya biashara hupenda kuisifu. Stephen Hawking, mwanafizikia wa Uingereza aliyepoteza sauti mwaka 1985, katika miaka yake ya mwisho aliandika kwa kukaza msuli wa shavu, kwa mwendo wa takriban neno moja kwa dakika, na hakuwa mtu wa kuhurumiwa kwa polepole ile. Mtafiti Hélène Mialet alihoji katika kitabu chake cha mwaka 2012 kwamba Hawking alikuwa mkusanyiko wa wasaidizi, wanafunzi na mashine. Hoja hiyo ni kweli kwa kila mwanazuoni aliyewahi kuwa na katibu na maktaba, na kwa sababu hiyohiyo haimpunguzii Hawking chochote.

Siri hii ndiyo inayolileta suala hili mpaka kata ya Nyabusozi wilayani Biharamulo, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, na mpaka vijiji vya Ngara vilivyo magharibi yake. Huko kompyuta ambayo wengi wanaijua kwa mikono yao ni simu, na kompyuta ya mezani hupatikana ofisini au steshenari, mahali pa kuchapa na kutoa nakala, ambapo kijana wa dukani huchapa barua ya maombi huku wateja wengine wakisubiri mgongoni. Pesa huenda kwa simu. Ili kutuma au kutoa fedha, mtu hupiga namba inayoanza kwa nyota na kuishia kwa reli, huchagua kwenye menyu moja baada ya nyingine, huandika kiasi, kisha namba ya siri. Na menyu hizo hujikata zenyewe mtu akichelewa. Mwenye kidole kizito huifikia tarakimu ya tatu ya namba yake ya siri huduma ikiwa imeshajifunga. Akirudia mara kadhaa, anafanya ambalo wengi katika hali yake hufanya: anampa simu mpwa wake au jirani, na kumtajia namba. Tangu hapo hakuna fedha zake ambazo mwingine hazijui, hakuna deni analoweza kulilipa kimya, wala zawadi anayoweza kuitoa bila mshauri. Huyo mpwa anaweza kuwa mwaminifu kabisa, na kwa kawaida ndivyo alivyo. Hasara haitokani na wizi, inatokana na kwamba mtu mzima amekuwa mtu asiye na jambo lake peke yake.

Kanisa Katoliki, ambalo jimbo lake la Rulenge-Ngara linazihudumia wilaya hizi, linaijua hatari hiyo kwa undani kuliko taasisi nyingi. Sheria za Kanisa za mwaka 1983 zinamruhusu mwenye kutubu aungame kwa kupitia mkalimani, katika kanuni ya 990. Lakini kanuni ya 983 inamfunga mkalimani huyo naye kwa wajibu wa kutunza siri. Waliotunga kanuni hizo walitambua kwamba anayeazimwa ulimi au sikio kwa ajili ya jambo la ndani la mtu mwingine ameingia mahali ambapo hapaswi kutoka na kitu. Sheria za uchaguzi za Tanzania vilevile humruhusu mpiga kura asiyeweza kuweka alama kwa sababu ya ulemavu asaidiwe na mtu aliyemchagua mwenyewe. Neno mwenyewe ndilo linalobeba uzito wote hapo, ingawa kura iliyoonwa na mtu mmoja tayari imepungukiwa usiri. Kwenye maungamo na kwenye kura, jamii imeshakubali kwamba msaada wa kibinadamu una gharama kwa anayesaidiwa. Halijakubaliwa bado kwamba gharama hiyohiyo inalipwa kila siku kwenye ujumbe wa mapenzi, kwenye barua ya kuomba kazi, na kwenye swali ambalo mtu angependa kulitafuta intaneti kuhusu maradhi yake.

Pingamizi lililo zito linatoka ndani ya falsafa ya Kiafrika, nalo linastahili kusikilizwa. Husemwa kwamba mtu ni watu; kwamba utu hukamilika katika kutegemeana; na kwamba mashine inayomwezesha mlemavu kufanya yote peke yake inamng'oa katika mtandao wa ndugu na kumfundisha upweke wa miji mikubwa. Ndani ya pingamizi hilo mna ukweli mmoja, kwamba hakuna chombo kinachoweza kumtembelea mtu. Lakini linachanganya kutegemeana na kutegemea. Kutegemeana ni njia ya kwenda na kurudi: leo wewe unalima kwangu, kesho mimi ninakuandikia barua. Anayelazimika kuomba mkono kwa kila herufi hana nafasi ya kurudisha, na uhusiano wake na ndugu zake hujaa maombi madogo madogo mpaka maongezi ya kawaida yanakosa pa kukaa. Mpwa anayeitwa mara ishirini kwa siku kubonyeza vitufe huanza kukwepa kupita karibu na nyumba ya mjomba wake. Akiondolewa kazi hiyo, anaweza kurudi kuwa mpwa.

Azimio la Arusha la Februari 1967 linaonyesha jinsi mkanganyiko huo ulivyo wa kina. Likieleza kwamba katika nchi ya kijamaa kila mtu anaishi kwa jasho lake, liliwataja wachache wenye haki ya kuishi kwa kazi ya wenzao, nao ni watoto wadogo, wazee sana, walemavu, na wale ambao serikali kwa wakati fulani haijaweza kuwapatia kazi. Kwa wakati wake hilo lilikuwa tamko la ubinadamu, kwa maana lilifanya matunzo kuwa haki badala ya sadaka. Hata hivyo lilimweka mlemavu pamoja na mtoto mchanga, upande wa wanaopewa, na likamwacha nje ya kujitegemea, ambako ndiko heshima yote ya Azimio ilikolala. Ngazi ya fikihi iliyoelezwa hapo juu ilikuwa na hekima zaidi katika hili: haikumwondolea mtu wajibu, ilimtafutia umbo analoweza kuutimiza. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, umekaribia mantiki hiyo unapozitaka nchi, katika ibara ya 9, kuhakikisha ufikivu wa teknolojia ya habari na mawasiliano, na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya Tanzania ya mwaka 2010 imefuata nyayo zake. Ikiwa tendo la mwenye kuandika kwa nyusi ni lake kikamilifu, basi njia ya nyusi ni sehemu ya uwezo wake wa kutenda kama ulivyo mkono kwa mwingine. Na menyu ya fedha inayojikata kabla hajamaliza imemfanyia jambo lililo karibu na kumkamata mkono.

Kwa msomaji wa Nyabusozi kunabaki masharti ya kidunia ambayo falsafa haiyaondoi. Umeme ni moja, ingawa mtambo wa maporomoko ya Rusumo wilayani Ngara, wenye megawati 80 zinazogawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi, umeyakaribisha matumaini. Lugha ni lingine. Google iliongeza Kiswahili katika uandishi wa kutamka mwaka 2017, na kwa mwenye mikono isiyofanya kazi lile lilikuwa tukio kubwa. Lakini anayefikiri na kuomba kwa Kihangaza au Kishubi, lugha za wilaya hizo, hana huduma kama hiyo. Hata ubashiri wa maneno, yaani uwezo wa simu kukamilisha neno kabla halijaisha, uliasisiwa kwa lugha ambazo neno ni fupi na halibadiliki sana, ilhali kitenzi kimoja cha Kiswahili hubeba nafsi, wakati, urejeshi na yambwa, na simu hubahatisha vibaya pale ambapo mwenye kuandika kwa ishara moja moja angenufaika zaidi kwa kubashiriwa silabi za mwanzo na za mwisho badala ya neno zima.

Sharti lililo gumu kuliko yote linarudi kwenye siri. Uandishi wa kutamka, katika simu nyingi, huipeleka sauti ya mtu kwa njia ya intaneti mpaka kwenye kompyuta za kampuni iliyo nchi nyingine, huko ikageuzwa maandishi na kurudishwa. Tertio mpya yuko chumbani, hajiandiki jina wala hasalimu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, ambayo ni kama kanuni ya 983 kwa mkalimani huyo asiyeonekana, lakini nguvu yake inategemea mtu kujua kwamba anasikilizwa, na masharti anayokubali kwa kugusa mara moja huwa marefu na mara nyingi ni ya Kiingereza. Kwa sababu hiyo vipengele vya polepole vinavyofanya kazi ndani ya simu yenyewe bila mtandao, kama vile kupitisha mwanga na vitufe vya kunata, visidharauliwe kwa kuwa vya zamani, na mtu apewe vyote viwili, atamke orodha ya mahitaji ya dukani na aandike kwa nyusi yale ambayo ni yake peke yake. Fundi au ndugu anayemwekea mipangilio hiyo anapaswa kumwachia njia ya kuiwasha na kuizima bila msaada, na namba mpya ya siri iwekwe baada ya fundi au ndugu huyo kuondoka.